Breki Mbili kwa Mkono Mmoja

Idara nzima ya maji ilimwita Koki, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa mkaguzi wa bomba kuu, lile linaloshuka kutoka kwenye chanzo mlimani hadi tangi la mjini: kilomita kumi na moja za njia ya miguu, na koki kubwa kumi na tisa zilizohesabiwa kutoka chini kwenda juu. Alizijua kwa tabia zao. Ya tatu ilikuwa kaidi, lazima uibembeleze kwanza kushoto ndipo ikubali kwenda kulia. Ya nane ililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Ya kumi na nne ilidondosha tone moja kila ukihesabu hadi sita, na Koki alishikilia kwamba mpaka ifike tone moja kwa kila nne, hakuna mtu wa kuigusa.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mfupi, mapaja kama ya mchezaji mpira, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea penye maji yanayonguruma. Ukikaa naye mezani ungedhani anagombana, kumbe anaomba chumvi.

Njia ile haikupitika kwa pikipiki. Kulikuwa na vidaraja vya mbao mbili, ngazi za mawe, na sehemu mbili ambapo ulichokuja nacho lazima ukibebe begani. Waliomtangulia katika kazi hiyo walikwenda kwa miguu na kumaliza siku nzima. Koki alijinunulia baiskeli ya mlima ya mtumba, nyekundu, yenye matairi mapana, springi mbele na gia ishirini na moja, akawa anapanda asubuhi na saa sita mchana yuko ofisini anaandika ripoti yake, matope yamemkaukia hadi magotini.

Ajali yenyewe haikuhusu baiskeli hata kidogo, na hilo lilimuudhi Koki kuliko ajali. Alikuwa anashuka ngazi ya chuma ya tangi, ngazi aliyoipanda mara elfu, kidato kimoja kilicholiwa na kutu kikakatika chini ya mguu wake. Akadaka kwa mkono wa kushoto. Mwili mzima ukaning'inia kwenye mkono huo kwa muda wa kufumba na kufumbua, na ndani ya bega kitu kikavutika kama uzi unaotolewa kwenye kitambaa. Kisha akaachia, akaanguka juu ya majani, akasimama mwenyewe na kusema hajaumia.

Hospitali wakampiga picha. Mfupa mzima, hakuna ufa. Ndugu wote wakashukuru. Ila mkono haukusikia tena. Ulikuwa pale pale, wake kabisa, wenye pete na kovu la utotoni, lakini ukawa kama mgeni aliyekaa sebuleni bila kusema neno. Kiwiko kilikunjika kidogo. Bega halikuinuka. Vidole vilijikunja kivivu, ila kushika kikombe havikuweza.

Daktari wa viungo, mwanamke kijana mwenye mikono ya joto na maneno machache, alimweleza ukweli bila kuupaka sukari.

"Mishipa ya fahamu imevutika, mama. Haijakatika. Itaota upya, kama milimita moja kwa siku, ikipenda."

"Na isipopenda?"

"Tutaishi na kilichopo. Na kilichopo si kidogo."

Koki alirudi nyumbani, akachukua futi ya mumewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, akamwambia ampime kuanzia shingoni hadi kwenye ncha ya kidole cha kati.

"Unataka nikushonee nini?" mume akauliza.

"Wewe pima."

Ikatoka sentimita sabini na nane. Koki akapiga hesabu kichwani: siku mia saba na themanini. Zaidi ya miaka miwili. Akaikunja futi taratibu kwa mkono mmoja, jambo lililomchukua muda mrefu kuliko alivyotaka watu waone, akairudisha mezani.

Ofisini wakampa kazi ya simu. Bosi wake, msimamizi wa idara, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa karatasi, na ajali huzaa karatasi nyingi. Alimwekea Koki meza karibu na dirisha, kiti chenye mto, na simu ya mezani, akaona amemaliza. Kazi ya bombani akapewa mzee wa makamo waliyemwita Bwana Mitaro, aliyekuwa hodari wa kuzibua mifereji lakini hajawahi kupanda kitu chenye magurudumu mawili. Alikwenda kwa miguu. Kila jioni alipita mbele ya meza ya Koki akichechemea, akisema, "Koki, yule wa tatu leo amenitukana."

"Umembembeleza kushoto kwanza?"

"Nimembembeleza, nimemwimbia, nimempigia magoti."

Walikuwa wakicheka, lakini Bwana Mitaro akishaondoka Koki alibaki akitazama mlima dirishani.

Nyumbani mambo yakawa magumu kwa namna nyingine. Nguvu zilizokuwa zikiishia mlimani sasa ziliishia ndani ya vyumba vitatu. Alikaza kila bomba la nyumba mpaka watu wakashindwa kulifungua. Alipanga upya nyuzi zote za mumewe kwa rangi, kazi ambayo hakuna aliyeiomba, na mume akapoteza siku mbili kutafuta uzi mweusi. Mama mkwe, aliyeishi nao na ambaye macho yake yalikuwa makali kuliko ulimi wake, na ulimi wake haukuwa butu, ndiye aliyesema wazi.

"Mwanangu," alimwambia mwanawe mbele ya mke, "huyu mwanamke mkizidi kumketisha atatubomolea nyumba. Mrudishieni baiskeli yake."

"Mama, baiskeli inataka mikono miwili."

"Nani kasema?" Koki akadakia.

Mume akaangalia huku na huku kama mtu aliyezingirwa. "Kila mtu anajua."

"Mimi sijui," alisema Koki. Na wazo likaingia hapo, likakaa.

Jaribio la kwanza alilifanya Jumamosi asubuhi, mume akiwa amekwenda kununua vitambaa. Aliiburuta baiskeli hadi kwenye kiteremko nyuma ya karakana ya seremala, akapanda, akajisukuma. Kusimama wima hakukuwa shida. Miguu yake haikuwa imesahau chochote. Shida ilikuwa breki. Kwenye baiskeli ile mkono wa kulia ulishika breki ya mbele, wa kushoto ya nyuma. Alipofika chini, akabana ile aliyokuwa nayo. Gurudumu la mbele likasimama kabisa, la nyuma halikuwa na habari, likaendelea na safari yake kupitia hewani. Koki aliruka juu ya usukani na kutua kifudifudi ndani ya lundo la unga wa mbao.

Seremala akatoka na penseli sikioni. "Dada, mlango upo upande ule."

Alirudi nyumbani mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Mama mkwe akamtazama, akamsogezea beseni la maji. "Wenzako wakimwaga unga ndio wamefukuzwa kazi," alisema. "Wewe unaumwaga ukiitafuta." Wakacheka hadi Koki akalazimika kushika mbavu, na mume alipoingia akakuta wanawake wawili wamekaa sakafuni wanafuta machozi, akajua kwamba hapa ameshashindwa, kilichobaki ni kuhakikisha mkewe hafi. Mchana huohuo akaikokota baiskeli hadi kwa Spoki.

Spoki alikuwa fundi baiskeli, mwembamba kama jina lake, aliyekua pamoja na mume wa Koki, ndiyo maana alimwita Koki shemeji. Kibanda chake kilijaa fremu zilizoning'inia darini, na mikebe ya misumari, nati na mipira iliyopangwa kwa mpangilio aliouelewa peke yake. Alikuwa na tabia moja: ukimletea tatizo, kwanza anasafisha miwani, halafu anauliza maswali kama polisi.

"Bega linainuka?"

"Hapana."

"Kiwiko?"

"Nusu."

"Vidole vinabana?"

"Vinashika leso. Leso ikikubali."

"Vya kulia?"

Koki akamshika mkono. Spoki akapiga ukelele. "Basi, shemeji, nimeelewa! Tuna mkono mmoja wenye nguvu za watatu. Tuufanyie kazi huo."

Wakaanza na breki. Spoki alifunga mikono miwili ya breki upande wa kulia, mmoja juu ya mwingine, ili kidole cha shahada kibane wa juu na vingine vibane wa chini. Kwenye kibanda ulionekana ujanja mtupu. Barabarani ilikuwa vurugu. Palikuwa pamesongamana: mikono miwili ya breki na kibadilisha gia chake, vyote vinagombea nafasi ya kiganja kimoja. Koki akitaka kusimama alibadilisha gia. Akitaka kubadilisha gia alisimama. Siku ya tatu aliirudisha.

"Vidole vyangu vimeshaanza kulaumiana," alisema.

Spoki akasafisha miwani. Siku mbili baadaye alikuwa na jibu jipya, dogo kuliko kiberiti: kipande cha chuma chenye matundu matatu. Mkono mmoja wa breki, mrefu, uliotoka kwenye pikipiki iliyokufa, ulivuta waya mmoja. Waya ule ulivuta kile kipande. Na kile kipande kilivuta nyaya mbili kwa pamoja, moja ya mbele na moja ya nyuma. Tena aliikaza ya nyuma zaidi kidogo, ili iume kwanza, ya mbele ifuate kama mtu aliyeitwa. Koki alishuka kiteremko cha seremala mara kumi na mbili, akisimama popote alipotaka. Mara ya kumi na tatu seremala akamwekea kipande cha ubao chini, akamwambia asimame juu yake. Akasimama juu yake.

Gia walizipunguza. Spoki alitoa magurudumu mawili ya meno ya mbele akabakiza moja, la katikati, kwa hiyo kile kibadilisha gia cha mkono wa kushoto kikakosa kazi na kuvuliwa. Zikabaki saba za nyuma. Kwanza alimfungia kile cha kuzungusha kama mkono wa mafuta wa pikipiki, lakini penye mashimo mkono ulizunguka wenyewe na gia zikaruka zikitaka. Akakitupa, akaweka cha zamani, kijiti cha kusukuma kwa dole gumba. Spoki alikuwa nacho kwenye mkebe kwa miaka, akikataa kukiuza kwa sababu, alivyosema, kilikuwa kinamsubiri mtu.

Kikabaki kitu kimoja, na hicho ndicho kilichowasumbua kuliko vyote. Mkono wa kushoto uwekwe wapi? Ukining'inia, ulipigwa na goti na kuvuta bega mpaka Koki akauma meno. Ukifungwa kifuani kwa kombeo, mwili ulilemea kulia na baiskeli ikaenda upande kama kaa. Usukani ulihitaji uzito kidogo upande wa pili, hata kama uzito huo hauwezi kushika kitu.

Spoki alijaribu ubao. Alijaribu bati. Alikuwa anafikiria bakuli la plastiki Koki aliposimama ghafla.

"Mimi nina miaka kumi na mitatu kwenye mabomba," alisema, "na nimekaa hapa nakutazama unakata bati."

Siku iliyofuata alikuja na kipande cha bomba la plastiki, lile nene la inchi nne. Alimwelekeza Spoki alipasue kwa urefu, akamwagiza apashe moto mchanga kwenye karai na kuifukia nusu moja humo. Plastiki ilipolainika, Koki akaushika kwa kitambaa ule mfereji uliotokea, akaukandamiza juu ya mguu wa meza uliozungushiwa shuka, akaupinda kidogo hapa, akaupanua pale, kama alivyokwisha kupinda mamia ya viungo vya bomba. Ulipopoa, mkono wake kuanzia kiwiko hadi kiganja ulilala ndani kama uliozaliwa humo. Spoki akaufunga juu ya usukani upande wa kushoto kwa vyuma viwili. Akapandisha usukani wote juu kwa vidole vitatu, mgongo ukae wima.

Mume alipoona kazi ile akaipapasa kwa vidole. Kisha akaomba apewe usiku mmoja nayo. Asubuhi ikarudi imevalishwa sponji na kitambaa cha turubai, mishono miwili miwili, kingo zimekunjwa zisimchubue. Juu alikuwa ameshona mkanda wa kitambaa cha kunata, wa kuvuka mkono na kuushika.

"Kaza zaidi," Koki alisema alipoujaribu. "Mkanda uwe mpana."

"Hapana."

"Mkono utachomoka kwenye mawe."

"Ndiyo maana yake uchomoke," alisema mume, na kwa mara ya kwanza tangu ajali sauti yake ikawa kubwa kama ya mkewe. "Ukianguka na mkono umefungwa kwenye chuma, baiskeli itaondoka nao. Daktari wako aje auone. Akisema upanuliwe, nitaupanua."

Daktari akaja kweli, Jumapili, kwa miguu, akiwa amevaa viatu vya michezo. Aliuinua mkono wa Koki, akauweka kwenye mfereji, akaufunga mkanda, akauvuta ghafla. Mkanda ukaachia kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Akarudia mara tano. Ya sita akamtazama mume.

"Nani kashona hii?"

"Mimi."

"Usiongeze hata uzi." Akamgeukia Spoki. "Na ule waya mmoja wa breki. Ukikatika?"

Spoki akaushika ule waya. Hakuwa amefikiria. Jambo hilo lilimuumiza kiasi kwamba jioni ile ile alifunga breki ya tatu, ya mpira, ya kubana rimu la nyuma, na mkono wake mdogo akauweka katikati ya usukani ambapo Koki angeufikia kwa kuteleza kiganja tu. Breki hiyo mpaka leo haijawahi kuhitajika. Spoki huikagua kila mwezi na, Koki anaapa, huwa anaonekana kasononeka kidogo.

Koki alifanya mazoezi wiki saba. Alianza kwenye uwanja wa shule, akahamia barabara ya vumbi, akahamia njia ya mbuzi nyuma ya machimbo. Alianguka mara nne, mkanda ukaachia mara nne. Alijifunza kuegemea kwa nyonga pale ambapo zamani alivuta kwa mkono. Alijifunza kupanga breki mapema, kwa macho, kabla kiganja hakijaanza. Mume akashona utepe mpana kwenye fremu ili aweze kuitundika baiskeli begani kwenye ngazi za mawe. Kisha Koki akaenda kwa bosi.

Bosi alisikiliza, akatazama picha Koki alizoleta, akatazama tena. "Hili ni bomba letu?"

"Ni kipande kilichobaki kwenye koki ya sita. Kilikuwa kwenye takataka."

"Naogopa, Koki."

"Najua, bosi. Ogopa, lakini nipime."

Wakakubaliana: Ijumaa, Koki apande hadi koki ya tano, aifunge, aifungue, ashuke, na bosi awe amesimama chini na saa yake.

Jumatano, saa nne asubuhi, baada ya mvua ya siku mbili, simu ya mezani ikaanza kulia. Kwanza mtu wa karakana: maji yamekuwa membamba. Kisha shule iliyo mlimani: bomba linakohoa tope. Koki hakungoja simu ya tatu. Akapiga yeye, zahanati iliyo juu ya shule.

"Kwenu maji yakoje?"

"Safi kabisa. Kwani vipi?"

Akakata simu. Zahanati ilichota kwenye koki ya kumi na mbili, shule ya kumi na moja. Bomba lilikuwa limeachana kati ya hizo mbili, na hapo mahali alipafahamu: ukingo wa udongo mwekundu, moja kwa moja juu ya paa la madarasa. Maji yote ya mji yalikuwa yanauchimba mlima juu ya vichwa vya watoto. Akaipigia shule tena, akawaambia wawatoe watoto madarasani, wawapeleke upande wa lango, sasa hivi. Kisha akaingia kwa bosi.

"Bwana Mitaro yuko wapi?"

"Laini ya pili. Kumfikisha pale ni saa mbili na nusu, akikimbia."

"Yeye hakimbii. Nipe ufunguo wa chemba za koki."

"Jaribio lako ni Ijumaa."

"Basi leo tuiite Ijumaa," alisema Koki, na mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umeshanyooshwa. Bosi akautazama, akafungua droo, akampa ufunguo.

Watu wa karakana wanasema alipita kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Koki mwenyewe anakumbuka mambo mengine. Anakumbuka kwamba kwenye kilomita ya pili aliacha kufikiria mkono. Anakumbuka harufu ya majani yaliyolowa, na dole gumba likisukuma kijiti cha gia bila kuulizwa. Vidaraja vya mbao mbili aliviona vyembamba kuliko zamani, akavipita akiwa ametazama mwisho wake na si chini. Kwenye ngazi za mawe aliitundika baiskeli begani, akapanda akihema, akaishusha, akaendelea. Koki ya tatu aliipita akaipigia saluti kwa kichwa.

Kwenye ukingo mwekundu maji yalikuwa yanaruka juu kama mti, na nusu ya njia imekwenda. Akashuka, akaiacha baiskeli, akapita kwa upande wa juu akishikilia mizizi, akafika kwenye chemba ya kumi na mbili. Akaifungua kwa ufunguo. Gurudumu la koki ni la mikono miwili. Koki alikuwa amelifikiria hilo wiki nyingi mezani kwake. Akatoa mtaimbo mfupi aliokuwa ameufungua kutoka kwenye fremu na kuja nao mgongoni, akaupitisha katikati ya gurudumu, akauegemeza nyongani, akasukuma kwa mwili wote. Robo duara. Akautoa, akaupitisha tena. Robo nyingine. Zilikuwa duara kumi na nne. Alipomaliza ile ya mwisho, ule mngurumo nyuma yake ukapungua, ukawa kikohozi, ukawa kimya, na chini kabisa akasikia sauti za watoto langoni.

Alikaa juu ya mfuniko wa chemba. Kisha akapiga simu. "Imefungwa," alisema. "Leteni kiungo cha inchi nane na watu wanne wenye majembe. Na Bwana Mitaro aje polepole, asiumize miguu bure."

Alipoirudia baiskeli na kuanza kushuka, tope likalibeba gurudumu la mbele, akaanguka. Mkanda ukaachia kraa, mkono ukatoka salama, akatua kwa makalio kwenye tope laini kama uji. Alicheka peke yake mlimani, kwa sauti yake ile. Kisha akashuka kilomita saba, breki mbili zikiuma kwa zamu kama zilivyofundishwa.

Bosi alikuwa chini, amesimama na saa mkononi. Alikuwa amesahau kuitazama.

"Ilikuwaje?"

"Njia inataka kurekebishwa. Mimi niko sawa."

Barua ya kumrudisha bombani ilitoka wiki iliyofuata. Siku tatu mlimani, mbili ofisini, na kazi nzito ya kufungua viungo afuatane na mwenzake. Bwana Mitaro aliisoma barua hiyo kwa furaha kuliko Koki, akaibusu, akavua viatu palepale.

Mkono nao ulikuja kwa mwendo wake. Kiwiko kwanza, kisha kifundo, kisha dole gumba. Mwaka wa pili uliweza kushika kikombe kisicho na maji mengi, na kumshikia mume kitambaa akikata. Kidole kidogo bado kimelala. Spoki alipojua, alikuja mbio kutaka kumrudishia breki upande wa kushoto, na Koki akamwachia afunge, akaiendesha Jumapili moja, akamwambia aitoe.

"Mkono haujaweza?" Spoki akauliza.

"Umeweza. Ila mimi nimeshazoea kusimama kwa mkono mmoja, na huu naupa mapumziko njiani. Una kazi nyingine nyumbani."

Mwezi uliopita daktari wa viungo alimleta mtu kwenye kibanda cha Spoki: fundi wa kuchomelea, mpana wa mabega, ambaye mkono wa kulia ulibaki kwenye mashine. Alisimama mbali kidogo na ile baiskeli nyekundu, akiitazama bila kuigusa.

"Nitengenezeeni kama hii," alisema.

"Haitakufaa," Koki akamjibu. "Hii ni yangu. Wewe umebaki na wa kushoto, una mabega mapana, na wewe mwenyewe ni fundi wa chuma. Mfereji wako hautakuwa wa plastiki." Akamvutia kiti, akachukua futi, akaizungusha shingoni kama mumewe. "Kaa. Kwanza niambie, kabla ya ajali ulikuwa unapenda kwenda wapi?"

Yule bwana akafikiri, akakaa, akaanza kusema.